Dawa ya kuziba au kufungua injini? Uvujaji wa maji na oili, dalili kwa dalili

Maji ya rejeta husukumwa na mgandamizo wa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo; bar 1 inakaribia ule wa hewa inayotuzunguka). Oili iliyo nyuma ya sili ya krenki (mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nje) karibu haisukumwi na kitu, mradi injini inapumua vizuri. Ndani ya silinda mambo ni mengine kabisa: mafuta yanapowaka, mgandamizo hupanda hadi bar 50 na zaidi, na kwenye dizeli za kisasa zenye turbo hufika 150 au kupita. Ukijua uvujaji wako uko upande gani kati ya hizo tatu, umeshajua nusu ya jibu. Dawa ya chupa inaweza kushikilia bar 1. Bar 50 haiwezi kuishikilia kwa muda wa maana, hata lebo iseme nini.

Chupa zenyewe si za aina moja. Dawa za rejeta hubeba chembe, yaani nyuzi, maganda yaliyosagwa au vipande laini vya alumini, ambazo husafiri na maji hadi zikwame kwenye tundu. Dawa za gasketi ya silinda hedi (bamba la kuziba kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko cha silinda) nyingi ni silikati ya sodiamu, ambayo hugeuka kigae kigumu kama kioo joto likikausha maji yake. Dawa za oili ziko za namna mbili: zinazovimbisha mpira wa sili uliokauka, na zile za polima nzito ambazo kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito tu. Silikoni ya tyubu usiiweke kwenye kundi hili. Ni gasketi halali, na injini nyingi hufungwa nayo kiwandani.

Maji yanapungua na kuna mahali yanaonekana

Usikisie. Injini ikiwa baridi, funga pampu ya kupimia mgandamizo mahali pa mfuniko wa rejeta, pandisha hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko (mara nyingi bar 0.9 au 1.1) na usizidishe. Subiri dakika 10 hadi 15. Sindano ikishuka, tafuta unyevu kwa tochi: maungio ya rejeta pale plastiki inapokutana na alumini, klipu za mipira, vizibo vya chuma ubavuni mwa bloku, na chini ya pampu ya maji. Zulia la upande wa abiria likiwa limelowa, au kioo cha mbele kikishika ukungu wenye harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja. Usisahau mfuniko wenyewe. Ukilegea, maji huchemka mapema na kumwagikia tenki la akiba, na watu wamebadilisha rejeta nzima kwa sababu yake.

Tundu dogo kama la sindano kwenye mabati ya rejeta ndipo mahali dawa ya chembe inapostahili kutumika. Tundu halichezi, mgandamizo ni mdogo, na ukikwama njiani itakufikisha. Washa injini hadi ipate joto, fungua hita hadi mwisho ili maji yazunguke kote, kisha zima na uiache ipoe ndipo ufungue mfuniko. Tikisa chupa kwelikweli, mimina kwenye rejeta yenyewe, wala si kwenye tenki la akiba, maana huko itatulia tu chini. Kama rejeta haina mfuniko, mimina kupitia mpira wa juu. Endesha dakika 20 hadi 30. Chupa moja hutengenezwa kwa ujazo fulani wa maji ulioandikwa kwenye lebo, na gari dogo lenye lita 5 halihitaji chupa ya lita 12. Kuongeza chupa ya pili kwa sababu ya kwanza "haikutosha" ndiyo njia ya haraka ya kuua hita.

Ufa kwenye tanki la plastiki la rejeta ni jambo jingine. Plastiki hutanuka na kusinyaa kila safari, kwa hiyo kilichozibwa usiku hufunguka asubuhi. Badilisha. Mpira uliochanika, badilisha pia na klipu yake.

Pampu ya maji isiwekewe dawa kamwe. Ina kitundu kidogo kwa chini kilichotobolewa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Dawa ikiziba kitundu hicho uvujaji unaonekana umekoma, lakini maji sasa yanaosha grisi ya beringi. Beringi ikifa, pampu hukwama. Kama pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, mkanda hukatika au kuruka meno, na kwenye injini nyingi valvu hukutana na pistoni. Uvujaji wa matone matatu umezaa ovahoo.

Kwa haki, si kila dawa ni ya mtaani. General Motors waliweka vidonge vya kuziba kwenye mfumo wa maji wa injini zao za Northstar, na Subaru walielekeza dawa yao maalumu iwekwe kwenye injini za lita 2.5 za kuanzia modeli ya 1999 zilizokuwa zikitoa maji nje kwenye gasketi ya hedi. Angalia hilo neno "nje". Hapo gasketi ilikuwa inazuia bar 1 tu.

Maji yanapungua, lakini chini pakavu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu kila mtu hukimbilia kusema gasketi imeungua. Huenda ni kweli, lakini thibitisha.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado hayajapata joto, mgandamizo huo haukutokana na maji. Ni gesi ya silinda. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta iliyo wazi yanasema hivyohivyo, ila kama mfumo ulimwagwa maji karibuni, kwanza hakikisha hewa iliyobaki imetoka yote.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi iliyoungua. Punguza maji ya rejeta sentimita chache ili yasivutwe ndani ya kifaa (yakigusana, kipimo kimeharibika), weka kifaa kwenye mdomo wa rejeta, acha injini ingurume hadi ipate joto, vuta hewa kwa mpira wa kubana kwa dakika mbili. Ikibaki bluu, rudia baada ya kuendesha kwenye mzigo, maana nyufa nyingine hufunguka zikiwa moto tu.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo ambao kila silinda hujenga, kwa geji yake. Injini iwe moto, plagi zote nje, mafuta na umeme wa plagi vikatwe, mtu akanyage eksileta hadi chini, na uzungushe mizunguko minne hadi sita kwa kila silinda. Injini ya petroli yenye afya mara nyingi huwa kati ya bar 9 na 13. Tofauti ya silinda kwa silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe, na ikizidi asilimia 15 kuna jambo. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yake. Plagi moja ikitoka safi kana kwamba imeoshwa wakati nyingine zina rangi ya kahawia, silinda hiyo inakunywa maji.

Vipimo vyote vikiwa safi na injini ni dizeli, angalia kipozeo cha EGR (kinachopoza moshi wa eksozi unaorudishwa ndani ya injini) kabla ya kugusa hedi. Kikitoboka ndani, maji huingia kwenye njia ya hewa, yanageuka mvuke, na eksozi inatoa moshi mweupe wenye harufu ileile ya gasketi. Hedi nyingi nzima zimefunguliwa kwa kosa la kipande hicho.

Sasa, dawa. Gasketi ikiwa imeungua kati ya silinda na njia ya maji, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde, na kila mwako unapiga nyundo kwenye kigae chako cha silikati. Isitoshe, hedi ya alumini hutanuka zaidi ya bloku ya chuma, kwa hiyo kuta mbili ulizoziunganisha zinasuguana. Uvujaji mwembamba wa maji kuingia silinda wakati gari limelala, ule unaotoa moshi mweupe na kukosa moto asubuhi kisha kutulia, ndio pekee wenye nafasi, na nafasi yenyewe si ndefu. Dawa hii ni ya gari linalokaribia kuwa vyuma chakavu, au linalotakiwa lijisogeze hadi kwenye gereji.

Ukiamua hivyo, fanya sawasawa. Silikati nyingi hazipatani na kolanti ya glikoli (dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta), hugandamana nayo kuwa uji kabla ya kufika kwenye ufa. Mwaga kolanti yote, suuza hadi maji yatoke meupe, toa themostati, jaza maji matupu, mimina dawa taratibu injini ikinguruma, kisha fuata muda wa lebo wa kuiacha ingurume na wa kuiacha ipoe. Injini isiyoweza kunguruma dakika 20 bila kuchemsha haina ufa mwembamba, usiisumbue. Na ikiwa asubuhi krenki inagoma ghafla katikati ya mzunguko, acha mara moja. Silinda imejaa maji, na maji hayabanwi. Stata ikilazimisha, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Injini inachemsha, maji hayapungui

Hakuna kinachovuja, basi hakuna cha kuziba. Angalia feni kama inawaka, themostati kama inafunguka (wengi hawajui kwamba unaweza kuichemsha kwenye sufuria yenye kipimajoto, ianze kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake, kwa mfano nyuzi 82 au 88 za Selsiasi), na rejeta kama ina sehemu baridi katikati. Sehemu baridi ni mirija iliyoziba, na mara nyingi iliyoiziba ni dawa ya mwenye gari wa awali.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa

Uji mwepesi chini ya mfuniko wa oili peke yake, kwenye gari linaloendeshwa safari fupi fupi, ni mvuke uliopoa tu. Endesha nusu saa kwa mwendo wa maana uone kama utaisha. Uji kwenye kijiti cha kupimia oili ni habari nyingine. Zima injini na isiwashwe tena. Beringi za krenki zinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na maji hayawezi kubeba mzigo huo.

Kwa dalili hii hakuna dawa hata moja ya kujaribiwa, wala ya siku moja. Chanzo kinaweza kuwa gasketi, ufa wa hedi au bloku, kava ya mbele, au kipozeo cha oili kilichotoboka ndani. Kipozeo kina alama yake: injini ikiwa kazini, mgandamizo wa oili huwa mkubwa kuliko wa maji, kwa hiyo mara nyingi utakuta utando wa oili juu ya maji ya rejeta kwanza. Gari la otomatiki likionesha uji wa waridi, rejeta imetoboka mahali inapopozea mafuta ya gia boksi. Badilisha rejeta na usafishe gia boksi kabla gundi ya klachi zake haijaachia.

Oili inavuja nje

Kabla ya sili yoyote, chunguza upumuaji. Gesi kidogo hupita pembeni ya ringi za pistoni kwa kila injini, na valvu ndogo ya upumuaji iitwayo PCV ndiyo inayoitoa tumboni mwa injini. Ikiziba kwa masizi, tumbo linavimba na oili inatafuta mlango dhaifu. Fungua mfuniko wa oili injini ikinguruma, uweke karatasi nyepesi juu ya mdomo. Ikivutwa kidogo ni salama, ikirushwa juu kuna mgandamizo. Valvu ni kazi ya dakika 10, na wakati mwingine sili iliyohukumiwa inaacha kuvuja yenyewe.

Halafu osha injini, kausha, endesha siku moja, na uanze kutafuta kutoka juu kwenda chini, kwa sababu oili hushuka na upepo huirudisha nyuma. Tone linaloonekana kati ya injini na gia boksi husingiziwa sili ya nyuma ya krenki, kumbe limeanzia kwenye kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya hedi) na kuteremka mgongoni. Rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuani, ikichanganywa na oili, huonesha njia yote bila ubishi.

Gasketi ya kava ya tapeti ikivuja, ibadilishe. Ni boliti chache, na hakuna sababu ya kutia chupa. Sili ya nyuma ya krenki ndiyo inayofanya dawa ya kuvimbisha iwe na hoja, maana kuibadilisha ni kushusha gia boksi nzima. Mpira ukiwa umekauka tu, dawa inaweza kupunguza matone baada ya mamia kadhaa ya kilomita. Lakini mpira uliochanika hauponi, na krenki iliyochimbwa mfereji na mdomo wa sili haitajazwa na chochote cha majimaji. Usirudie dawa kila unapobadilisha oili. Inavimbisha sili zote, pamoja na zile zilizokuwa nzima, na mpira uliolainika kupita kiasi huchanika upesi.

Moshi wa bluu

Moshi unaotoka kwa sekunde chache baada ya gari kulala, au baada ya kuteremka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, ni sili za valvu. Unaotoka ukivuta mzigo ni ringi. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda yenye kompresheni ndogo na upime tena: ikipanda sana ni ringi, ikibaki palepale ni valvu au gasketi.

Dawa za polima nzito hupunguza moshi kwa kuifanya oili iwe nzito. Asubuhi oili hiyo inachelewa kufika juu kwenye kamu (mhimili unaofungua valvu), na chuma kinasuguana na chuma kwa muda mrefu zaidi. Umeondoa moshi, umeongeza uchakavu. Inaeleweka kwa nini wauzaji wa magari wanaipenda. Sili za valvu kwenye injini nyingi hubadilishwa bila kushusha hedi, kwa kujaza silinda hewa ya kompresa ili valvu zisidondoke. Ringi nazo zikiwa zimenata kwa masizi tu, wala hazijaisha, oili nzuri na kubadilisha mapema mara mbili tatu zina manufaa kuliko chupa.

Ukifungua hedi, mahali kazi inapoharibika

Gasketi mpya juu ya uso mbovu itaungua kama ya zamani. Legeza boliti injini ikiwa baridi, kutoka pembeni kuelekea katikati, kwa hatua. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe hadi pembe, upitishe fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05. Ikipita, injini nyingi zinataka hedi isagwe. Fanya hivyo na bloku pia, hatua ambayo huachwa na wengi. Hedi iliyochemshwa ipimwe nyufa kwa mgandamizo kabla ya kusagwa, usije ukalipa kusaga hedi iliyopasuka. Isisagwe chini ya kimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini, vinginevyo pistoni na valvu zitakaribiana.

Safisha uso wa bloku kwa kisu cha plastiki na kiyeyushi. Diski ya msasa kwenye mashine inachimba mashimo usiyoyaona, na vumbi lake huishia kwenye beringi. Kausha matundu ya boliti kwa hewa, kwani tone la maji au oili chini ya boliti hubanwa na linaweza kupasua bloku, na hata lisipoipasua linadanganya spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Boliti zinazokazwa kwa nyuzi za pembe hurefuka na hazirudi, kwa hiyo nunua mpya. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua na pembe za kitabu cha injini hiyo na si za injini inayofanana nayo.

Gasketi ya tabaka za chuma huwekwa kavu. Hakuna grisi, hakuna silikoni, isipokuwa vidoa ambavyo kitabu kimevitaja, kwa kawaida pale kava ya taimingi inapokutana na bloku. Kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) isiyo na gasketi, mstari wa silikoni wa milimita 3 usiokatika, uzunguke matundu ya boliti kwa ndani, unatosha. Inayotokeza nje unaiona. Iliyotokeza ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na utakachokiona ni taa nyekundu ya oili.

Injini iliyokwishawekewa dawa

Mwambie fundi kabla hajagusa kitu. Themostati na mfuniko wa rejeta vibadilishwe bila mjadala. Shika mipira miwili ya hita injini ikiwa moto: mmoja ukichoma na mwingine ukiwa vuguvugu, rejeta ya hita imeziba. Itenge na injini, uisukume maji kinyume na mwelekeo wake wa kawaida kwa mgandamizo mdogo wa bomba la bustani, hadi yatoke meupe. Chembe nyingi hutoka hivyo. Silikati iliyokwisha kukauka haitoki kwa kusuuza, na rejeta iliyojaa hiyo hubadilishwa. Hedi ikiwa juu ya meza, chokonoa kila njia ya maji kwa waya, hasa zile nyembamba kati ya valvu za eksozi, kwa sababu hapo ndipo joto huwa kubwa kuliko pote na hapo ndipo kigae hupenda kujijenga.